Maziwa, Maji na Mwanga

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu wa mwaka, Mtoni, Unguja)



Kwanza sina budi kuishukuru Kamati kwa kunipa heshima hii ya kusema mbele yenu. Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya sayansi na maisha ya kila siku, akaniachia mimi nichague jambo. Nimechagua maziwa, na nimeyachagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kwa miaka mingi sasa nashughulika na ukaguzi wa vyakula. Sababu ya pili ni deni. Lipo deni ninalodaiwa tangu nilipokuwa mwanafunzi hapa, na nimeona kwamba pa kulisema ni hapa hapa nilipolikopa.

Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha tatu na katibu wa klabu ya sayansi. Siku hizo alikuwako mzee mmoja akileta maziwa kwa baiskeli kutoka upande wa Kizimbani. Akiteremka mpaka Bububu, akishika barabara ya kuja mjini, akipita Kibweni, na kufika hapa Mtoni kabla ya kengele ya kwanza, madumu mawili yamefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu. Aliwauzia walimu maziwa ya chai, na nyumba nyingi za hapa jirani zilikuwa wateja wake. Wengine wenu humu ukumbini mmekuzwa kwa maziwa yale.

Mwaka huo skuli ilipata laktomita, na sisi vijana wa klabu tulijiona kama madaktari. Siku ya wazazi tukaweka meza yetu uwanjani, tukanunua maziwa ya yule mzee asubuhi ile ile, tukayamimina katika chombo kirefu cha kioo, tukatumbukiza laktomita. Ikasoma 26. Kitabu kilisema maziwa safi hayashuki chini ya 28. Mwalimu wetu alikuwa amekwenda kupokea wageni. Mimi sikumngojea. Nikachukua kipaza sauti nikawatangazia wazazi wote kwamba sayansi imethibitisha: maziwa haya yametiwa maji.

Mzee mwenyewe alikuwapo, amesimama chini ya mwembe na madumu yake. Hakugomba. Aliyafunga madumu, akapanda baiskeli, akaondoka. Wiki ya pili yake walimu walikwisha kuacha kununua kwake, na nyumba za jirani zikafuata moja baada ya moja. Watu wetu wana msemo wa kumalizia jambo kama hilo: lisemwalo lipo. Na mimi nilipewa daftari na kalamu kwa kuwa mwanafunzi hodari.

Ndugu zangu, nitarudi kwa mzee huyo. Lakini kwanza nataka tuyaelewe maziwa yenyewe, kwa sababu bila ya kuyaelewa hatuwezi kujua nilikosea wapi.

Maziwa ya ng'ombe, hata yaliyo safi kabisa, kwa sehemu kubwa ni maji. Katika kila sehemu mia, kiasi cha 87 ni maji aliyoyatia Mwenyezi Mungu mwenyewe. Zilizobaki ni mafuta, ambayo huwa kiasi cha sehemu tatu na nusu mpaka nne na hata zaidi kwa ng'ombe wetu wa kienyeji. Protini, kiasi cha sehemu tatu na kidogo. Sukari ya maziwa iitwayo laktosi, karibu sehemu tano. Na chumvichumvi kidogo. Kwa hiyo mkaguzi haulizi kama mna maji katika maziwa. Anauliza kama mna maji zaidi ya yale yaliyotoka katika kiwele.

Na si swali dogo. Mwenye kutia lita moja ya maji katika lita tisa za maziwa ameuza maji kwa bei ya maziwa, na huo ni wizi. Lakini mbaya zaidi ni kwamba hatujui maji hayo yametoka wapi. Sisi tulioishi Unguja wakati wa mripuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016 tunajua nini maji ya kisima kibovu yanaweza kufanya. Tena maziwa hayo huenda yakapewa mtoto mchanga, naye akashiba tumbo bila ya kushiba mwili.

Sasa tuje kwenye laktomita. Lita moja ya maji ina uzito wa kiasi cha gramu 1,000. Lita moja ya maziwa mazuri ina uzito wa kiasi cha gramu 1,030. Laktomita ni kijibomba cha kioo chenye uzito chini. Kikiwekwa katika maziwa mazito huelea juu, kikiwekwa katika maziwa mepesi huzama zaidi. Ile 26 tuliyoisoma sisi maana yake ni gramu 1,026 kwa lita. Ukitia maji kiasi cha sehemu moja katika kumi, maziwa ya 30 hushuka mpaka 27. Mpaka hapo mambo ni wazi.

Lakini maziwa, kama vitu vingi, hutanuka yakipata joto, na yakitanuka lita yake huwa nyepesi. Laktomita yetu ilikuwa imeandikwa ubavuni, kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyezisoma, kwamba imetengenezwa kupimia katika nyuzi 20 za Selsiasi. Kila nyuzi moja ya joto inayozidi hapo huteremsha kipimo kwa kiasi cha sehemu mbili katika kumi za alama moja. Maziwa ya mzee yalikuwa yamekamuliwa alfajiri, yakatiwa katika madumu ya plastiki, yakapigwa na jua njiani. Nakisia yalikuwa na nyuzi 35 au karibu yake. Fanyeni hesabu wenyewe, nyinyi wa kidato cha kwanza: nyuzi 15 zilizozidi, mara sehemu mbili katika kumi, ni alama tatu. Maziwa yaliyosoma 26 yangelisoma 29 kama tungeliyaacha yapoe. Maziwa ya moto na maziwa yaliyotiwa maji sehemu moja katika kumi, mbele ya laktomita isiyo na kipimajoto, ni kitu kimoja.

Nililijua hilo miaka mitano baadaye, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Fundi wa maabara alitugawia kila mmoja kipimajoto kabla ya kitu chochote, akasema kwamba asiyeandika joto asiandike chochote. Wenzangu waliendelea na kazi. Mimi nilikaa nikaona uwanja wa skuli hii mbele ya macho yangu, na mwembe, na baiskeli.

Likizo iliyofuata nilikwenda Kizimbani kumtafuta. Nilimkuta kibarazani kwake. Nikamwamkia, nikamweleza mimi ni nani na nini nilichokuja kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba ng'ombe wake wawili alikwisha kuwauza, kwa sababu wateja walikimbia na majani ya kununua hayakopeshwi. Hilo nililitarajia. Ambalo sikulitarajia ni lile alilosema baada yake. Alisema kwamba yeye alijua hakutia maji, lakini kwa kuwa chombo cha skuli kimesema maji yamo, aliamini kwamba yamo kweli, na akamdhania mwanawe aliyekuwa akimsaidia kukamua. Alimpiga kijana yule. Alimpiga zaidi ya mara moja, akimtaka akiri.

Ndugu Mwenyekiti, nimeitwa hapa kusema juu ya vyombo vipya vya bei nafuu. Nimeanza na habari hii kwa makusudi, ili mjue kwamba chombo cha bei nafuu kikiwa mkononi mwa mtu mwenye haraka kinaweza kuvunja nyumba ya mtu.

Sasa naomba mmoja wenu azime taa, na kijana wa klabu aniletee bilauri ya maji, kijiko cha maziwa na tochi.

Natia matone machache tu ya maziwa katika maji haya, nakoroga. Namulika tochi kutoka ubavuni. Nyinyi mliokaa upande wa kulia mtaona kwamba maji yamekuwa na rangi ya samawati kidogo, kama moshi. Sasa nyinyi mliokaa mbele, itazameni tochi yenyewe kupitia bilauri: imekuwa ya manjano, karibu na rangi ya chungwa, kama jua linalotua nyuma ya kisiwa cha Changuu. Hii si kuchezea watoto. Hii ndiyo elimu yote ya chombo ninachotaka kukuelezeni.

Ndani ya maziwa mna chembe za namna mbili zinazotawanya mwanga. Ya kwanza ni vitone vya mafuta, ambavyo kwa jicho la hadubini ni vikubwa, vingi vyao vina upana wa elfu chache za nanomita. Ya pili ni chembe za protini iitwayo kaseini, ndogo sana, nyingi zina upana wa nanomita mia moja au mia mbili. Nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Vitone vikubwa vya mafuta hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na ndiyo maana maziwa ni meupe. Chembe ndogo za kaseini hutawanya zaidi mwanga wa buluu kuliko mwekundu, kwa sababu ile ile inayoifanya mbingu iwe ya buluu, aliyoieleza Mwingereza Rayleigh mwaka 1871. Bibi zetu hawakumsoma Rayleigh, lakini maziwa yaliyoondolewa siagi waliyajua kwa macho: walisema yamekuwa ya kibuluu. Walisema kweli.

Wala kuyapima maziwa kwa mwanga si jambo la jana. Daktari mmoja wa Ufaransa, Alfred Donné, alitengeneza mwaka 1843 chombo alichokiita laktoskopu. Kilikuwa na vioo viwili ambavyo mtu aliweza kuvisogeza karibu au mbali, na maziwa katikati. Mpimaji alitazama mwali wa mshumaa kupitia maziwa, akaongeza unene wake mpaka mwali usionekane tena. Maziwa yaliyohitaji unene mkubwa kuuficha mwali yalikuwa maziwa mepesi. Kasoro ya chombo chake ilikuwa moja: kilitegemea jicho, na jicho la mtu mmoja si jicho la mwengine.

Kilichobadilika katika zama zetu ni kwamba jicho hilo sasa linauzwa dukani. Taa ndogo za LED hutoa mwanga wa rangi moja tunayoitaka. Kihisio cha mwanga, ambacho huweza kuwa fotodayodi ndogo kama punje ya mchele, hugeuza mwanga kuwa umeme unaoweza kuhesabiwa. Vipo hata vihisio vinavyougawa mwanga mara 18, kuanzia zambarau ya nanomita 410 mpaka infraredi ya nanomita 940 isiyoonekana kwa macho, navyo huunganishwa na bodi ndogo ya kompyuta kama Arduino. Mashine kubwa za infraredi za maabara za kuchambulia maziwa huuzwa kwa maelfu ya dola. Chombo ninachokisema mimi gharama yake haifiki bei ya simu nzuri.

Mwaka jana mimi na vijana wa klabu ya sayansi ya skuli yetu tulikitengeneza kimoja. Kisanduku ni cha mbao, kimepakwa rangi nyeusi ndani ili mwanga wa nje usiingie. Ndani yake tumeweka vioo viwili vya hadubini vilivyotenganishwa kwa kipande chembamba, ili maziwa yakae kama utando. Tulilazimika kufanya hivyo kwa sababu maziwa mazima katika bilauri huutawanya mwanga mara nyingi mno hata kihisio kisijue la kusema. Upande mmoja mna taa tatu: ya buluu, nyekundu na ya infraredi. Upande wa pili mna kihisio kimoja, na kihisio cha pili kimekaa pembeni kuupokea mwanga uliotawanyika. Kila taa huwaka kwa zamu, na hesabu huandikwa.

Faida yake ni hii. Anayetia maji huyapunguza mafuta na kaseini kwa pamoja, basi mtawanyo wa buluu na wa nyekundu hupungua pamoja. Anayeondoa siagi hupunguza mafuta na kuiacha kaseini, basi nyekundu hupungua zaidi ya buluu. Laktomita hutoa namba moja tu. Tena ipo hila ya zamani inayojulikana na wauzaji wabaya wa kila nchi: kuondoa siagi huyafanya maziwa yaliyobaki kuwa mazito, kutia maji huyafanya kuwa mepesi, basi mtu akifanya yote mawili kwa kipimo, laktomita husoma pale pale, naye ameiba mara mbili. Mwanga humkamata mtu huyo. Hali kadhalika humkamata anayetia maji kisha akarudisha uzito kwa sukari au chumvi, kwa sababu sukari na chumvi zikiyeyuka hazitawanyi mwanga.

Lakini sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoteleza zamani. Mwanga nao hudanganyika. Mtu akitia unga, au unga wa maziwa, weupe hurudi na mwanga huridhika. Hapo laktomita huenda ikashtuka, na tone la iodini hugeuka buluu-nyeusi likikuta wanga. Maziwa ya pakiti yaliyopitishwa kiwandani ili malai yasipande juu, vitone vyake vya mafuta vimevunjwavunjwa kuwa vidogo, basi hutawanya mwanga kwa namna nyengine kabisa. Kuyalinganisha na maziwa ya zizini ni makosa. Maziwa yasiyokorogwa yana mafuta juu na maji chini, na jibu lako litategemea umechota wapi. Kioo kisichosafishwa kwa sabuni hubakia na utando wa mafuta, na utando huo husema uwongo kwa mteja anayefuata. Hata taa ya LED yenyewe hupungua nuru ikipata joto.

Zaidi ya yote, ng'ombe hawafanani. Aina ya ng'ombe, majani anayokula, muda tangu azae, hata kukamua kwa asubuhi au kwa jioni, yote huyabadilisha maziwa, na mafuta ndiyo yanayobadilika zaidi kuliko kitu kingine. Katika majaribio yetu sisi wenyewe tuliyatia maji maziwa ya ng'ombe mmoja hatua kwa hatua. Kisanduku kilizitambua hatua kubwa bila ya taabu, lakini kwa maji kidogo, chini ya sehemu moja katika kumi, hatukuweza kuapa, kwa sababu ng'ombe wawili wasio na kosa lolote walikuwa wakitofautiana zaidi ya hapo.

Kwa hiyo nasema hivi: shahidi mmoja hatoshi. Laktomita ni shahidi, kipimajoto ni shahidi, mwanga ni shahidi. Wakikubaliana watatu kwamba maziwa ni mazuri, mwacheni muuzaji aende zake. Wakihitilafiana, au wote wakisema kuna kasoro, bado hukumu haijatoka. Hapo chupa ifungwe, itiwe katika barafu, ipelekwe maabara. Huko kipo kipimo ambacho maji hayawezi kukihadaa kwa urahisi. Maziwa huganda kwa baridi ya kiasi cha nusu nyuzi chini ya sifuri, na kiwango hicho hakibadiliki sana kwa ng'ombe huyu au yule. Kila anayetia maji huyasogeza karibu na sifuri. Kisanduku chetu ni bawabu wa mlangoni. Maabara ndiyo kadhi.

Dunia imepata somo kubwa la kutegemea shahidi mmoja. Viwanda vya China vilikuwa vikipima protini ya maziwa kwa kuhesabu nitrojeni iliyomo. Watu wakatia maji, kisha wakatia melamini, kitu cha kutengenezea plastiki chenye nitrojeni nyingi, na kipimo kikaridhika. Mwaka 2008 ilibainika kwamba watoto wachanga wapatao 300,000 wameathirika, wengi kwa vijiwe vya figo, na watoto sita wakafa. Kipimo kilisema kweli juu ya nitrojeni. Hakuna aliyekiuliza juu ya maziwa.

Na katika sheria pia zipo busara za kuigwa. Kanuni za maziwa za Uingereza za mwaka 1901 zilisema kwamba maziwa yenye mafuta chini ya sehemu 3 katika mia, au yabisi nyengine chini ya sehemu 8 na nusu, yatadhaniwa kuwa si halisi mpaka ithibitike vyenginevyo. Angalieni neno hilo "yatadhaniwa". Mfugaji aliruhusiwa kujitetea, na njia moja ya kujitetea iliitwa rufaa kwa ng'ombe: mkaguzi alikwenda zizini, ng'ombe akakamuliwa mbele ya macho yake, na maziwa hayo yakapimwa. Kama ng'ombe mwenyewe anatoa maziwa mepesi, mfugaji hana hatia. Ningelijua habari hiyo mwaka 1997, ningelipanda baiskeli mpaka Kizimbani kabla ya kushika kipaza sauti.

Majirani zetu wa Kenya wametufundisha jambo jengine. Huko sehemu kubwa ya maziwa hupita mikononi mwa wachuuzi wadogo, na kwa miaka mingi dawa ilikuwa kuwafukuza. Mradi wa utafiti wa wafugaji wadogo wa maziwa, uliofanywa tangu 1997 mpaka 2005 na Wizara pamoja na taasisi za utafiti za huko, ulionyesha kwamba ni bora kumfundisha mchuuzi, kumpa cheti na chombo safi cha bati, kuliko kumwinda. Mchuuzi aliyefukuzwa hauachi uchuuzi. Huuhamishia gizani, ambako hakuna anayempima.

Basi naomba Jumuiya yetu ikubali mambo manne. La kwanza, tuchange tuinunulie klabu ya sayansi vipimajoto vizuri, laktomita na vihisio vya kutengeneza visanduku vitano. Gharama yake ni ndogo kuliko ya karamu ya leo. La pili, klabu itengeneze daftari la maziwa ya Unguja: wapime maziwa yaliyokamuliwa mbele ya macho yao, Kizimbani, Dole, Mwera na kwengineko, asubuhi na jioni, kiangazi na masika, ng'ombe wa kienyeji na wa kigeni. Bila ya daftari hilo kisanduku hakina cha kulinganishia, na namba zake ni namba tu. La tatu, muuzaji yeyote anayetaka kupimiwa apimiwe bure, mara tatu, mbele yake, aonyeshwe namba, na jibu apewe yeye peke yake mkononi. Mkulima akijua mwenyewe kwamba dumu lake la pili ni jepesi kuliko la kwanza, atamtafuta ng'ombe mgonjwa, au msaidizi mkorofi, kabla ya mtu mwengine kumwaibisha. La nne, klabu isimtangaze mtu. Kuhukumu ni kazi ya Serikali kwa njia zake. Ipo Taasisi ya Viwango, upo Wakala wa Chakula na Dawa, ipo maabara ya Mkemia Mkuu. Sisi tuwapelekee habari, tusiwapelekee kelele.

Wengi wetu tulikisikia chuoni kisa cha Sayyidna Umar, aliyekuwa akitembea usiku akamsikia mama mmoja akimwamrisha binti yake atie maji katika maziwa, na binti akakataa, akisema kwamba kama Umar haoni, Mola wake Umar anaona. Hakuna chombo kitakachochukua nafasi ya binti yule. Lakini nimekuwa mkaguzi muda wa kutosha kujua kwamba wapo wengi kama yeye wanaouza maziwa halisi na hawasadikiwi, kwa sababu jirani yao anatia maji na bei yake ni rahisi. Kwa hao, kisanduku hiki kitakuwa shahidi wao. Hilo ndilo ninalolitaka zaidi kuliko kuwakamata waovu.

Mzee wa Kizimbani hayupo tena duniani. Mwanawe yupo, anafuga, ana ng'ombe watatu. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusema habari hii hapa, naye alinikubalia kwa sharti moja, kwamba nisilitaje jina la baba yake ila nikisema kwamba maziwa yake yalikuwa mazuri. Jina sikulitaja. Lakini nyinyi wa umri wangu mnamjua, na wazee mliokuwapo siku ile ya wazazi mnamjua. Basi nasema, mahali pale pale nilipotangaza kinyume chake: maziwa ya mzee yule hayakutiwa maji. Kosa lilikuwa langu.

Vijana, chai yenu leo ina maziwa ya mwanawe. Tuliyapima asubuhi yakiwa na nyuzi 20, na yamesoma 30. Nimekwisha kumwambia mwenyewe, na amenipa idhini nikwambieni.